Chai Kwenye Kiti cha Mbele

Kabla sijagusa doa lolote, huwa namuuliza mwenye gari mambo mawili: ni kitu gani, na kimemwagika lini. Si umbea. Wino unataka spiriti kidogo kwenye pamba. Mafuta ya kupikia yanataka poda ilale juu yake mpaka iyanywe. Maziwa yanataka maji baridi, maana ukiyapelekea ya moto yanaiva humo humo kwenye ngozi na utayahangaikia mpaka ujute. Mteja akinidanganya kiti kinaharibika, na lawama nabeba mimi. Kwa hiyo asiyesema ukweli namrudishia funguo zake, hata awe nani.

Babu anaijua sheria hiyo kwa sababu ni yake. Aliendesha magari ya wakubwa mpaka akastaafu, na yote ninayoyajua kuhusu viti vya ngozi nimeyatoa kwake. Gari lake mwenyewe ni kuukuu, lakini viti vyake vyeupevyeupe vinang'aa kuliko sahani za nyumbani kwangu. Humo ndani hata maji hayanywewi. Shangazi yangu aliwahi kushushwa njiani kwa ajili ya chungwa, akamenya na kula amesimama juani, na mpaka leo akilisimulia hilo anasimulia kwa hasira.

Basi Alhamisi asubuhi nilipomwona Babu anaegesha mbele ya banda langu, nyuma ya mafundi pancha, anashuka bila hata kunitania, nikajua kuna jambo.

"Mke wangu mdogo," akasema, ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "nimemwaga chai."

"Wewe?"

"Mimi. Mkono uliteleza."

"Ndani ya gari?"

"Ingekuwa mezani ningekuletea meza."

Nikafungua mlango. Doa lilikuwa kwenye kiti cha mbele cha abiria, kiti cha Bibi, na lilienea kama sinia. Nikakandamiza kitambaa cheupe chenye unyevu, sikusugua, kusugua ni kazi ya wenye haraka. Kitambaa kikatoka na rangi ya kahawia, kinanata kwa sukari. Nikakinusa. Chai ya maziwa. Babu hanywi maziwa. Yakimwingia tu, tumbo linaunguruma mpaka majirani wanasikia.

Nikaendelea kutazama. Chai inayomwagika kwa kuteleza mkono hurukia mlangoni, hurukia sakafuni, hurukia kila mahali isipotakiwa. Hii haikuwa na tone hata moja pembeni. Ilikuwa imemiminwa, taratibu, mahali pamoja. Na chini yake palikuwa na doa jingine lililotangulia kukauka, la manjano, limekimbilia nyuma kwenye mishono, kiti kinapokutana na mgongo. Nikainama pale nikavuta pumzi. Harufu ile naijua. Naletewa kila wiki na wazazi wenye watoto wachanga.

"Babu, chini ya hii chai kuna kitu."

"Chini ya chai kuna kiti."

"Kuna kitu kimetangulia. Ulimpakia mtoto wa mtu?"

"Sijampakia mtoto."

"Basi ni wewe? Si aibu, Babu, umri ukienda..."

Akanikata jicho. "Nimekwambia chai. Safisha chai."

"Usiponiambia ukweli, sisafishi. Sheria yako hiyo. Chukua funguo."

Nikamnyooshea. Hakuzipokea. Alikaa juu ya tairi bovu, akavua kofia, akaanza kuifuta kwa ndani kana kwamba ndiyo iliyoletwa kusafishwa.

"Jumamosi nampeleka bibi yako hospitali," akasema. "Akamwone mdogo wake. Akikubali."

Hapo nikazirudisha funguo mfukoni. Mama alikuwa amenipigia simu juzi yake, amechoka. Mdogo wake Bibi amelazwa, hali si nzuri, kila asubuhi anawauliza wauguzi kama dada yake amefika. Na Bibi hataki kutoka. Anasema magoti. Bibi ambaye anakwenda sokoni mguu mosi mguu pili na kurudi na mzigo! Mama alidhani ndugu hao wamekosana. Mimi sikujua la kudhani, ila nilikumbuka kwamba mara ya mwisho yeye na Babu walipotoka na gari hili, lori lilipinduka mbele yao, wakakaa kwenye foleni toka mchana mpaka giza likaingia.

Nilimwonea Bibi huruma. Mwanamke anayepiga pasi hata vitambaa vya jikoni. Halafu huruma ikageuka hasira, na hasira ikampata aliyekuwa karibu.

"Hii chai ilikuwa ya moto?"

"Ilitoka jikoni."

"Umelipika, Babu! Umelipika doa! Wewe, wa kunifundisha mimi!"

"Chai ya baridi nani anaibeba garini?" akajibu, polepole, haniangalii. "Nani angeamini?"

Sikumuuliza tena. Kwa mara ya kwanza nikaivunja sheria yetu, nikachukua spana.

Nilifungua boliti nikakitoa kiti kizima, nikakiweka kivulini, maana jua hukausha ngozi ikapasuka. Chai niliitoa kwa povu la sabuni laini na maji baridi, kutoka ukingoni kuelekea katikati, doa lisije likatanuka. Maziwa yaliyoiva yalinisumbua. Niliyalainisha, nikasubiri, nikayalainisha tena. Kisha nikavua ngozi, nikaifikia sponji ya ndani, nikaiosha kwa maji yenye siki kidogo na kuikamua mpaka mikono ikafa ganzi. Mishono niliipitia kwa mswaki, tundu kwa tundu. Mwisho nikapaka mafuta ya ngozi.

Kesho yake, kiti kilipokauka, nilikinusa mpaka sikuiamini tena pua yangu. Nikamwita fundi pancha, nikamwambia ainame pale nyuma anuse.

"Kinanuka nini?"

"Kiti," akasema, akaniangalia kama mgonjwa.

Jumamosi nililipeleka gari mwenyewe. Bibi alikuwa barazani, amevaa vizuri, mkoba mkononi na taulo limekunjwa kwapani. Amevaa kusafiri, lakini hakuinuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Njoo uone kazi ya mke mwenzio!" Babu akapaza sauti. "Nilimwaga chai mimi, mzee mzima, nikaharibu kiti chako. Njoo unitukane yaishe!"

Bibi akaja taratibu. Akainama, hakutazama pale katikati. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja nyuma, kwenye mishono. Akapapasa pale, kisha akajifanya anajifuta pua, akaunusa.

"Palikuwa na nini hapa?" akaniuliza.

"Chai, Bibi."

"Chai tu?"

"Chai tu. Imenitoa jasho, ile ya maziwa ina..."

Nikaung'ata ulimi, nimechelewa. Bibi akainuka akamgeukia Babu.

"Wewe hunywi maziwa."

"Siku hiyo nilikunywa."

"Ulikunywa wapi, na tumbo lako lilikuwa kimya?"

 Babu alisimama na funguo mkononi kama mtoto aliyevunja glasi. Na hapo Bibi akaiona chupa ya chai, imewekwa katikati ya viti viwili, na vikombe viwili pembeni yake, ndani ya gari ambalo hata maji hayanywewi.

"Na hiyo?"

"Ya njiani," Babu akasema. "Kuanzia leo chai ruksa. Mkono wangu siku hizi hauaminiki, unaweza kumwaga tena wakati wowote. Kiti changu, kiti chako, popote. Fundi tunaye."

Bibi alimtazama. Nilidhani atalia, na mimi nilikuwa tayari kulia naye. Badala yake akatandika taulo lake juu ya kiti mbele yetu sote, bila kificho, akaketi, akaichukua chupa na kuipakata.

"Nitashika mimi," akasema. "Huwezi kuendesha na kumwaga kwa wakati mmoja." Kisha, Babu alipokwisha kuingia, nikamsikia anasema, kwa sauti yake ya kila siku: "Ukikuta kituo cha mafuta chenye choo, simama. Na kinachofuata, simama."

"Nitasimama kwenye vyote," Babu akasema, akawasha gari.