Bodi za Zamani Zina Mtu

Barua pepe ilimkuta Eufrasia karakanani kwake mjini Geita, bisibisi mkononi. Wasimamizi wa kiini cha mfumo endeshi anaoutumia, ule unaoandikwa bure na watu wa nchi nyingi, walitaka kufuta sehemu inayoziwezesha bodi ndogo za kompyuta za zamani kufanya kazi. Sababu yao ilikuwa fupi: hakuna anayezijaribu tena.

Bodi hizo ndizo alizofunga kwenye visanduku vya kuendeshea pampu katika maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Maji yakipanda shimoni, bodi huyahisi na kuiwasha pampu.

Ngusa, mwenye duara huko Nyarugusu, alikuwa amekaa akisubiri kisanduku chake.

"Wanasemaje, Mama Melania?" akamuuliza Eufrasia.

"Wanasema bodi zetu hazina mwenyewe."

"Si ufunge mpya, yaishe?"

"Mpya zikifa zinatupwa, Baba Esta. Hizi nazifungua, natengeneza, zinarudi kazini. Siziachi."

Akawajibu wasimamizi: "Mimi nipo. Nitazijaribu."

Alipanga bodi nne ukutani, kila moja na swichi ambayo kompyuta ingeiwasha na kuizima yenyewe. Kihisio cha maji akakitumbukiza kwenye ndoo. Kisha akaandika programu ya kufuatilia matawi, yaani nakala ambazo waandishi wa programu hufanyia mabadiliko kabla hayajaingizwa kwenye kiini chenyewe. Tawi likibadilika, kompyuta ililichukua, ikalipakia kwenye bodi, ikaiwasha, ikaangalia kama inayaona maji, ikamtumia mwandishi majibu. Eufrasia hakuhitajika hata kuwepo.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Umeme ulikatika ovyo, bodi zikazimika katikati ya jaribio, na watu wakaambiwa wamekosea ilhali hawakukosea. Msimamizi mmoja akamwandikia: "Zima mitambo yako. Inatupotezea muda."

"Sizimi," akajibu. "Kosa la umeme ni langu, na nalirekebisha."

Akafunga sola na betri, akaiwekea kompyuta sharti la kutotuma chochote kama umeme umeyumba.

Wiki kadhaa baadaye, kwenye tawi moja bodi ziliwaka vizuri lakini hazikuyaona maji. Mwandishi wake akadharau: "Ni umeme wenu tena."

Eufrasia aliondoa badiliko la mwandishi huyo, bodi zikayaona maji. Akalirudisha, zikapofuka. Akatuma majibu yote mawili mbele ya wasimamizi wote, akiongeza: "Chini ya pampu hizi kuna watu. Tawi hili lisiingie."

Halikuingia. Mwandishi alirekebisha kazi yake, akaomba radhi kwa maneno machache. Wasimamizi wakatangaza kwamba bodi za zamani zitabaki katika toleo hili, na kwamba toleo lijalo watalijadili upya.

Ngusa alipopita tena, Eufrasia alimsimulia.

"Kwa hiyo hawajakubali," Ngusa akasema.

"Hawajakubali. Wameshindwa kuzifuta."

"Na wakirudi na hoja hiyohiyo?"

"Watanikuta hapahapa, na majibu ya kila tawi walilogusa."

Ngusa akacheka taratibu. "Wabeja, mama," akamshukuru kwa Kisukuma, akabeba kisanduku chake. Eufrasia akatoboa ukuta ili atundike bodi ya tano.