Kabla Mzee Kettunen Hajafa

"K kama kiatu," alisema Marlys Engebretson, simu ameibana begani, vidole viko juu ya kibodi. "Halafu E, halafu T mbili."

"T mbili, mama. Na jina la kwanza lina A mbili. Aarne," alisema mtu wa nyumba ya mazishi.

Vidole vya Marlys vikasimama. "Aarne? Si Arvo, yule kocha wa hoki ya barafuni?"

"Arvo ni mdogo wake. Jana kaleta suti ya marehemu kwa mkono wake mwenyewe, akatuambia kahawa yetu ni maji ya mtaro."

Marlys alishukuru, akakata simu. Kazi yake katika gazeti la mji wa Duluth, kaskazini mwa Marekani, ilikuwa kupokea simu, kuchapa tanzia na kuvuta karatasi zilizokwama kwenye printa. Alikuwa ameomba nafasi ya uandishi, na Jumatatu mhariri angetaja jina la aliyeipata. Mhariri alimsikiliza mtu mmoja tu, mwandishi wake mkongwe Thayer Bostrom, na wakati huo Bostrom alikuwa amesimama katikati ya chumba cha habari akiwasomea wenzake makala ya kumlilia Arvo Kettunen, aliyoiandika mara tu aliposikia kwamba Kettunen amefariki. Alisoma kwa sauti ya padri. Alipofika kwenye maneno "leo barafu ya Duluth imepoteza joto lake," akatoa leso. Machozi yalikuwa ya kweli. Maandishi yake mwenyewe yalimgusa sana.

Marlys alingoja amalize kupenga kamasi.

"Samahani, Bwana Bostrom. Hajafa."

"Nani hajafa?"

"Kocha. Aliyekufa ni kaka yake."

Bostrom alimtazama kama mtu aliyeletewa supu ya baridi. "Ungeniambia kabla sijafika aya ya mwisho."

"Mpelekee aisome, Thayer," alisema jamaa wa meza ya michezo. "Huenda ikammaliza."

Mhariri, Corinne Haglund, alitoka ofisini na donati mkononi. "Ana miaka mingapi?"

"Themanini na sita."

"Basi iweke kwenye droo. Haitachacha."

"Itachacha, Corinne! Mashindano ya waandishi yanafungwa mwisho wa mwezi." Bostrom akamgeukia Marlys, akalainisha sauti. "Dada, uwe unampigia kila asubuhi. Kwa upole. Asipopokea, niambie. Na mimi Jumatatu sitakusahau."

Hakuna aliyeshtuka. Haglund alilamba sukari kidoleni, akarudi ofisini.

Marlys alipiga. Siku ya kwanza alisingizia kuhakikisha jina la marehemu.

"Gazeti?" alisema Mzee Kettunen. "Mimi hulinunua la kufungia samaki." Kijiko kilisikika kikikoroga kahawa. "Aarne alikuwa ananipigia kila asubuhi. Tunatukanana, kisha kila mtu anakwenda kunywa kahawa yake. Ndivyo tulivyojua kwamba hatujafa. Sasa sijui nimtukane nani."

"Nitukane mimi, mzee."

"Wewe sijakujua vizuri. Piga kesho."

Akapiga kesho yake, na keshokutwa yake. Mzee alimwita mvivu, mla mshahara wa bure, akakata simu akiwa amechangamka. Na kila asubuhi Bostrom alipita na kikombe chake.

"Bado?"

"Bado."

Bostrom alikunja uso kama abiria aliyecheleweshwa na treni.

Ijumaa mzee hakutukana. "Sasa sema kweli, msichana. Gazeti halijawahi kunipenda hivi. Mnataka nini?"

Marlys alimtupia jicho Bostrom. Mzee hakuwa mtu wa kuficha neno. Akiambiwa, mji mzima ungejua, na Jumatatu ya Marlys ingeishia hapo hapo. Lakini sikioni mwake kulikuwa na pumzi za mtu anayengoja jibu.

"Kuna makala ya kifo chako kwenye droo," alisema. "Wanangoja ufe. Mimi ndiye niliyetumwa kuchungulia."

Marlys alidhani amemuua kweli.

"Isome," alisema mzee.

Akaitoa, akaisoma kwa sauti ya chini mpaka kwenye barafu.

"Imepoteza nini?"

"Joto lake."

"Barafu?" Mzee alicheka hadi akakohoa. "Huyo mpumbavu amewahi kugusa barafu?"

"Anasema pia uliwafundisha vijana kwamba kushindwa si kitu."

"Mimi? Niliwaambia wakishindwa watarudi kwa miguu! Na walirudi, kutoka mji wa Cloquet, maili ishirini, theluji magotini. Andika hiyo."

"Mimi si mwandishi, mzee."

"Na huyo je?"

Marlys aligeuza karatasi ya Bostrom, akaanza kuandika nyuma yake safari ile kama mzee alivyoisimulia. Alikuwa amejaza nusu ukurasa kikombe kilipotua mezani.

"Hiyo si makala yangu?" aliuliza Bostrom. Kisha, kwa kunong'ona, "Bado?"

Marlys alimnyooshea simu. "Muulize mwenyewe."

"Mwambieni huyo wa joto la barafu," simu ilipayuka, "nakwenda kuvua samaki kwenye ziwa lililoganda, aje nimwoneshe barafu!"

Meza ya michezo iliangua kicheko. Bostrom aliingia kwa Haglund, akafunga mlango. Marlys hakuhitaji kusikia kinachosemwa mle ndani kuhusu Jumatatu.

"Bado upo?" aliuliza mzee.

"Nipo. Tumefika darajani, kijana mmoja kapoteza kiatu."

"Hiyo ni ndefu, na kahawa yangu inapoa. Piga kesho."

"Kesho Jumamosi, mzee. Sipo kazini."

"Kwani Jumamosi watu hawafi?"

Mzee akakata simu. Marlys alipiga mstari chini ya neno kiatu, akaandika namba ya mzee pembeni, akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba wake. Simu ilikuwa imeshaanza kulia tena.