Matone ya Papa Elodie

Mume wangu ni fundi cherehani, au alikuwa. Bado naudhika nikisema alikuwa. Anaitwa Chrispin, lakini tangu mtoto wetu azaliwe namwita Papa Elodie. Miaka mitatu iliyopita vumbi la mtaa wetu wa Kadutu lilimwasha macho hadi yakawa mekundu. Kwenda kwa daktari? Sisi tunamwendea daktari wa macho tukishaanza kupapasa ukuta. Jirani yetu Olive alinipa kichupa cha matone kilichobaki baada ya mwanawe kupona. Siku moja tu, macho yakatulia. Basi nikawa nanunua matone yale yale sokoni kila mwezi, namtilia mwenyewe asubuhi na jioni, najiona mke hodari.

Wiki iliyopita daktari alimpima, kisha akaniita kando. Dawa ile, alisema, ni ya siku chache. Kwa miaka mitatu imepandisha presha ndani ya macho na kuua mishipa, na kilichokufa hakifufuki. Imebaki nafasi ndogo tu ya kuonea, nayo inazidi kuziba. Nilimwomba aniachie nimweleze mwenyewe. Kwamba anapofuka anajua; kwamba ni matone yangu, sijamweleza. Naogopa.

Nilitaka kumpeleka kisiwani Idjwi alikozaliwa, akatazame kwao angali anaona. Akakataa. Kule anakujua, alisema. Anataka kukaa mlangoni pa jiko nikichambua maharage. Nilikasirika. Mtu amebakiwa na kijitundu, anakimalizia kwenye maharage!

Jana tulikaa hivyo asubuhi nzima. Aliona mvuke wa sufuria, madoa ya maharage, kovu kidoleni mwangu ambalo mimi nimelisahau. Kila alichokiona alikitaja kwa furaha, na furaha ile iliniuma. Vyote hivyo viko mbele yangu kila siku, wala sivitazami.

Olive alipita kutusalimu, akampa pole. Papa Elodie akacheka, akautafuta mkono wangu mpaka akaupata.

"Ni Maman Elodie alipigania haya macho," alimwambia. "Kama haikukuwa matone yake, ningekuwa nilishapofuka zamani."

Olive alisema Mungu anibariki, akaenda zake.

Nilifungua mdomo nimwambie. Alikuwa akiniwinda kwa kile kijitundu, akigeuza kichwa huku na huku, hadi uso wangu ukaingia ndani yake.

"Uko muzuri," alisema.

Nikaufunga mdomo.