Kanae Alivyocheza Kinyume

Tangu supu ilipoletwa pale harusini, Kanae hakuwa na raha. Alishika kijiko, akakiweka. Akaenda msalani, akarudi, akaenda tena. Ayano, rafiki yake tangu shule, akachoka naye.

"We shoga, tulia basi. Wimbo wenyewe hata watoto wa chekechea wanaucheza."

Kweli, ulikuwa wimbo wa kurukaruka na kupunga mikono, ule ambao siku hizi harusi za Nagoya haziishi bila huo. Lakini Kanae hakuuogopa wimbo. Mwaka jana alimwambia Chinatsu, bibi harusi wa leo, "Huyo Tetsuro wako ni gogo. Hasemi, hacheki. Hakufai." Maneno yakamfikia Tetsuro mwenyewe, na Chinatsu akanuna mwaka mzima. Mwaliko ulipokuja Kanae alilia. Leo alitaka acheze mpaka rafiki yake aamini kwamba anamfurahia kwa moyo mmoja. Akiharibu, nani atakubali kuwa si makusudi?

Mshereheshaji akawaita. Wao wanne, marafiki wa bibi harusi, wakapanda jukwaani na masikio ya sungura kichwani, watu wazima na akili zao. Muziki ukaanza. Wenzake wakaenda kulia, Kanae akaenda kushoto, akampiga Ayano kikumbo hadi masikio yakamdondoka.

"Unafanya nini wewe?" Ayano alinong'ona, huku akiwachekea wageni.

Hapo ndipo Kanae alipoelewa, maskini. Wenzake walifanya mazoezi pamoja. Yeye anakaa Akita, mbali, kwa hiyo alijifunza peke yake kwa video ya simu, akimwiga mchezaji kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kulia kote kumekuwa kushoto. Alijaribu kugeuza, mwili ukakataa. Mazoea yana taabu. Shangazi zake Chinatsu waliacha kula wakamkodolea macho. Chinatsu mwenyewe aliinamisha uso. Kanae alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kiti kikasukumwa. Tetsuro, gogo lile, aliinuka na suti yake nyeupe, akapanda jukwaani, akasimama ubavuni kwa Kanae. Ngoma haijui hata chembe. Alimfuata Kanae tu: akienda kushoto, naye kushoto; akiruka, naye anaruka, uso mkavu vilevile, jasho linamchuruzika. Ukumbi ukaangua kicheko na makofi, watu wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

Wimbo ulipoisha Tetsuro aliwainamia wageni, akarudi kukaa, akanywa maji. Kanae akamfuata hadi meza ya maharusi, anahema. Alitaka kuomba radhi.

Chinatsu akamshika mkono. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuwa akicheka.

"Sasa umemwona?"

"Nimemwona," alisema Kanae.