Kamba ya Nguo na Habari za Asubuhi

Redio yetu iko juu ya duka la mikate, na ndiyo sababu hakuna mfanyakazi wake aliyewahi kukonda. Tuna chumba kimoja cha kurushia matangazo, kingine cha Bosi, na varanda inayokusanya kila mwenye jambo lake: aliyepotelewa na mbuzi, mwalimu wa kwaya anayetaka tamasha lake litangazwe bure, jirani aliyekuja kuuliza saa akakaa mpaka mchana. Mimi ni fundi mitambo. Kazi yangu ni kupandisha sauti, kushusha sauti, na kusikia yale yasiyotangazwa.

Mtangazaji ni Kasuku. Jina lake halisi liko kwenye cheti cha ndoa, na sidhani kama hata mumewe analikumbuka. Kila asubuhi anasoma habari za mji: barabara ya chini imezibwa na udongo, maji yatakatika upande wa soko, timu yetu imefungwa tena. Halafu anaingia kwenye utamaduni na vivutio, na hapo ndipo sauti yake huanza kuburuta miguu. Vivutio vyetu ni vilevile tangu redio ianze. Kuna makumbusho ya chumba kimoja, yenye ngoma iliyopasuka na picha ya watu ambao hakuna anayewajua. Kuna maporomoko ya maji, ambayo wakati wa kiangazi huwa kama bomba ambalo mtu kasahau kulifunga vizuri. Na kuna kilele.

"Ile ngoma nimeisifu mpaka imepasuka tena," aliniambia siku moja wimbo ulipokuwa unacheza. "Fundi, nimechoka. Nimechoka hadi kwenye kucha."

"Sifia picha basi."

"Picha ya nani? Juzi mgeni kaniuliza wale ni kina nani, nikamwambia ni wazee wetu. Wazee wa nani, wala sijui."

Kilele ndicho kinachotuletea wageni, na kina maringo yake. Ukiwa mjini hukioni, kwa sababu mbele yake kuna kilima kimekaa kama mtu aliyekuzibia kwenye foleni. Ili ujue kama kilele kiko wazi au kimejifunika, lazima upande mpaka juu ya kile kilima, na huko kuna jengo moja tu: nyumba ya wageni. Kwa hiyo waongoza watalii wote wa mji, kabla hawajawatoa watu kitandani, husubiri Kasuku amalize habari na kusema moja kati ya mawili: "Mlima umefunguka," au "Mlima umejifunika." Akisema umefunguka, wanapanda. Akisema umejifunika, wageni wanapelekwa kwenye ngoma.

Watu waliamini Kasuku ana mtu wake idara ya hali ya hewa. Wengine walisema ni hawara. Yeye alicheka tu, akawaacha waseme. Ukweli ulikuwa dirishani kwetu. Pale studio unaona paa la kibaraza cha duka la mikate, nyaya za umeme, na kule juu ya kilima, kamba ya nguo ya nyumba ya wageni. Anayefua mashuka pale ni dada yake Kasuku, wa tumbo moja, ambaye sote tunamwita Dada Mkubwa hata sisi tusiohusika. Ukungu ukiwa kwenye kilele, huwa unashuka kabla ya mchana na kulowesha kila kitu, kwa hiyo Dada Mkubwa huanika bandani. Kilele kikiwa wazi, huanika nje. Simu kule juu inashika mtandao inapotaka yenyewe, ndipo akamwambia mdogo wake: ukiona nyeupe, sema umefunguka. Tukaishi hivyo miaka na miaka, na mpango huo haukuwahi kutuangusha.

Mpaka wiki ile.

Siku ya kwanza mashuka yalikuwa nje. Kasuku akatangaza umefunguka. Kufika mchana, tukasikia ngazi zinapigwa kishindo, akaingia mwongoza watalii tunayemwita Miguu, kwa kuwa ana mirefu kuliko haja yake. Alikuwa amelowa chapachapa.

"Kasuku! Nimewapandisha watu wazima na kamera zao, wamekwenda kupiga picha ukungu mweupe kama maziwa! Huoni hata pua yako!"

"Mlima ni mlima, Miguu. Unabadilika."

"Haukubadilika! Ulikuwa hivyo tangu alfajiri. Huyo hawara wako wa hali ya hewa mwambie avae miwani."

Varanda nzima ikacheka, na Kasuku naye akacheka. Kesho yake mashuka yako nje. Akatangaza umefunguka. Miguu akarudi amelowa vilevile, safari hii na wenzake. Siku iliyofuata Kasuku aliyatazama mashuka kwa muda mrefu, akashika simu. Kwa bahati mtandao ulikuwepo, nami nikasikia kila kitu maana simu yake inapayuka kama mwenyewe.

"Dada, shikamoo. Huko kumefunguka?"

"Marahaba. Si unayaona mashuka?"

"Nayaona."

"Haya basi. Nina kazi, mdogo wangu."

Akatangaza umefunguka. Haukuwa umefunguka.

Bosi hakupayuka. Bosi wetu akikasirika hushusha sauti, na hapo ndipo unapaswa kuogopa. Alimwita Kasuku, nami nikaingia pia, nikijifanya natafuta waya.

"Wenye nyumba za wageni za hapa mjini wamenipigia," alisema. "Wanasema redio inawadanganya wateja wao. Sikiliza. Kesho utawaomba radhi wasikilizaji, na utataja nani anayekupa hizo habari, wajue si sisi. Ukikosea tena, kipindi cha asubuhi nakifuta. Naweka muziki wa moja kwa moja kutoka mji mkuu. Muziki hauna ukungu."

Kasuku alitoka akakaa kwenye kiti cha varanda, katikati ya watu wa mbuzi na watu wa kwaya, asiseme neno. Mnamjua Kasuku, kwake kunyamaza ni kama mtu mwingine kuzimia. Mwalimu wa kwaya alimletea maji. Nyumbani kwa Kasuku wanalala wamebanana kama viatu mlangoni: watoto, mama mkwe, shemeji aliyekuja kutafuta kazi na sasa anatafuta rimoti. Mshahara wa kile kipindi ndio unaowalisha wote. Nikamwambia, "Inuka. Twende juu."

Tulipanda kilima mchana uleule. Mimi mtu wa kukaa, nilihema kama mbwa. Kasuku alitembea mbele bila kugeuka. Tulipofika uani kwenye nyumba ya wageni, kilele hakikuonekana hata kidogo. Mbele yetu palikuwa na ukuta mweupe tu, na mashuka yananing'inia yakidondosha maji. Niliyagusa. Yalikuwa mazito kama godoro lililoloweshwa na mtoto, na pindoni yameanza kuota madoa meusi. Hayakuwa mashuka ya leo. Yalikuwa yaleyale ya tangu mwanzo wa wiki.

Dada Mkubwa alikuwa jikoni, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono wa kulia ameukunja ndani ya kanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Na wewe, fundi, umepandaje na hilo tumbo la mikate?"

"Nimesukumwa na upepo, dada."

Hakucheka sana. Kasuku alichuchumaa mbele yake. "Inua mkono."

"Wa nini?"

"Inua nione."

Akauinua mpaka usawa wa kifua, uso ukajikunja, akaushusha. "Umeganda," alisema. "Kuyaanika nilianika. Ilikuwa siku nzuri, jua kali. Jioni nataka kuyaanua, mkono ukakataa kwenda juu. Na huu wa kushoto peke yake hauwezi, kamba iko mbali. Nikasema kesho. Kesho ukakataa. Wageni wenyewe hawapo wiki hii, hakuna aliyeuliza shuka."

"Na mimi nilipopiga simu?"

"Niseme nini? Niseme siwezi kuanua nguo? Mwenye nyumba anakuja Jumamosi. Ameshaanza kusema mashine ya kufulia haiumwi. Akijua nimeganda, Jumatatu mashine iko hapa, mimi niko nje."

"Utakuja kwangu."

"Kwako wapi? Juu ya kabati? Nikae nisikilize mama mkwe wako anavyokoroma na shemeji yako anavyobadilisha stesheni?" Akamtazama mdogo wake, na sauti ikashuka. "Nilikuwa nakusikia kwenye redio kila asubuhi, ukisema umefunguka. Nikatoka nikatazama, pako hivi. Nikajua nakuharibia. Nikashindwa, Kasuku. Nilikuwa nimechoka, basi."

Kasuku aliinuka. Alitoka uani akaanza kuanua. Mimi nilishika upande mmoja, yeye mwingine, tukakamua mpaka viganja vikawaka. Tukayafua upya, tukayaanika bandani. Dada Mkubwa alisimama mlangoni akitusimamia: "Fundi, unakamua shuka au unaua nyoka?" Kasuku akamkanda bega kwa maji ya moto, akamwapia kuwa atashuka naye zahanati siku ya kliniki, naye akaapa hatashuka, wakapigana maneno kama watoto. Tulirudi mjini jioni.

Asubuhi yake Bosi mwenyewe alikuja akasimama nyuma ya kioo, mikono kifuani. Miguu na wenzake walijaa varandani, redio ndogo katikati yao. Kasuku akasoma habari: umeme, barabara, mkutano wa wazazi. Akafika kwenye vivutio. Akavuta pumzi.

"Ndugu wasikilizaji, wiki hii nimewapandisha kwenye ukungu siku tatu. Naomba radhi kwa waongoza watalii, kwa wageni, na kwa kamera zao. Nimeambiwa nitaje aliyenipa habari ile." Akatazama dirishani, kule kwenye kamba iliyokuwa tupu. "Hakuna aliyenipa. Nilitazama mwenyewe, nikaona vibaya. Leo mlima umejifunika."

Nikapandisha muziki. Bosi aligonga kioo kwa kidole, akafungua mlango.

"Nilisema utaje mtu."

"Nimemtaja."

Nadhani Bosi alijua kuna jambo. Mji huu hauna siri inayokaa zaidi ya kikombe cha chai. Lakini pale varandani Miguu alikuwa anasema kwa sauti, "Angalau leo kasema kweli, twendeni kwenye ngoma," na watu walikuwa wanacheka. "Mpaka mwisho wa mwezi," Bosi alisema. "Kosa moja tu."

Tangu hapo Kasuku anapanda kilima kila alfajiri kabla ya kazi. Anamsaidia dada yake kukamua, anaanika penye kustahili kuanikwa, anakitazama kilele kwa macho yake mawili, kisha anashuka mbio. Mwenye nyumba alikuja Jumamosi akakuta mashuka makavu, yamekunjwa sawasawa, akaondoka bila kutaja mashine. Bega linalegea polepole, au ndivyo Dada Mkubwa anavyosema. Zahanati bado hajaenda. Mwezi unayoyoma na kosa halijatokea. Kamba hatuitazami tena.

Ila Kasuku amechoka kuliko zamani. Anaingia na matope mpaka magotini, anavua viatu chini ya meza, na wakati wa matangazo ya biashara hulaza kichwa juu ya karatasi za habari. Siku nyingine anachelewa, na wimbo wa kufungulia kipindi unaisha yeye ndiyo kwanza yuko kwenye ngazi.

Leo ilikuwa hivyo. Aliingia ameshika ubavu, akaanguka kitini, akaniinulia kiganja: subiri kwanza. Bosi akaita kutoka chumbani kwake, "Fundi! Huo wimbo mbona hauishi?"

"Unakaribia, Bosi!"

Nikamtazama Kasuku. Kifua kinapanda na kushuka, macho ameyafumba, majani ya kilimani yamemganda kwenye kanga.

"Umefunguka?" nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa kuitikia, bila kufumbua macho. "Wote. Mpaka kule nyuma."

Nikaurudisha wimbo mwanzo.