Meneja na Maji ya Chumvi

Mume alipofariki, ndugu zake walilia siku tatu. Siku ya nne wakaanza kutoa ushauri. Mjane aliambiwa ale, alale, asikae peke yake, asijazane na watu. Mwezi ulipokatika wakagundua kinachomsumbua hasa: samaki.

Alikuwa mmoja tu, mwekundu, mrefu kama kidole, wa mwisho kati ya sita ambao marehemu aliwafuga katika tangi la kioo pembeni mwa sebule. Marehemu, fundi wa mafriji, alimwita Meneja, kwa kuwa kutwa nzima alikagua kila kona na hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani yake kushona sare za shule, mjane alimtupia chakula chake, na Meneja akapanda juu na kufungua mdomo kama alivyomfungulia mwenye tangi. Nyumba nzima hakukuwa na kiumbe mwingine ambaye hakumwambia ajikaze.

"Huyo samaki anakutonesha kidonda," alisema wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, ambaye akishaamua jambo, ukoo huitwa kikaoni ili upige makofi. "Apelekwe kwa Profesa."

Profesa alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Jina hilo alijipa mwenyewe, watu wakalikubali kwa kuchoka. Alikuwa na duka la miwani, na pale wateja wanaposubiri kupimwa macho aliweka tangi kubwa la samaki wa baharini, wa manjano na wa buluu, na chini yake ndoo ya chumvi ya kukorogea maji yao.

"Shemeji, samaki wako si wanaishi kwenye chumvi?" mjane alimuuliza Profesa, aliyekuwa amekuja na dada yake. "Huyu ni wa maji yasiyo na chumvi. Kaka yako alisema..."

"Kaka alikuwa bingwa wa mafriji, Mungu amrehemu. Hili ni suala la kisayansi, shemeji. Samaki ni samaki, maji ni maji. Umewahi kusikia samaki kazama?"

"Atazoea," wifi akamalizia. "Kila mtu huzoea. Hata wewe utazoea."

Mjane hakuwa mtu wa mabishano. Alikaa kwenye ndoa miaka kumi na tisa bila kupandisha sauti, na wakwe wakachukulia kwamba hana la kusema. Jumamosi asubuhi akamtia Meneja kwenye mfuko wa plastiki wenye maji, akaupakata njia nzima hadi dukani.

Wifi alikuwa ameshafika, kusimamia. Profesa alikuwa ameshika mkasi, tayari kuukata mfuko.

"Kaka yako hakumwaga samaki hivyo," mjane alisema. "Aliuacha mfuko uelee juu ya maji robo saa kwanza, joto la ndani na la nje lilingane."

"Ndicho nilichokuwa nataka kusema," alijibu Profesa, ambaye hajawahi kuambiwa jambo asilokuwa karibu kulisema.

Mfuko ukaelea. Meneja akawatazama wenyeji kupitia plastiki. Wenyeji wakapita kama wakubwa wa ofisini, bila salamu.

Robo saa ni ndefu ukiwa umeiomba ili kuchelewesha tu. Mjane alimkumbuka mumewe akifuta kioo kwa kitambaa laini, akizungumza bila kugeuka: "Chumvi huvuta maji. Ukimtupa huyu kwenye maji ya bahari, maji ya mwilini mwake yatavutwa nje. Atakufa kwa kiu, mama, na maji yamemfunika." Siku ile mjane alicheka. Sasa aliutazama mkasi, akajua ukishakata, kesho asubuhi hakutakuwa na mdomo wa kufunguka.

Akachukua kikombe cha wateja, akakichovya tangini, akampa shemeji yake.

"Kunywa."

"Ninywe maji ya samaki?"

"Si maji ni maji?"

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja miwani akashusha gazeti. "Mimi macho yangu mabovu," alisema, "lakini hili nitajitahidi nilione."

"Kunywa tuondoke," wifi akafoka. "Nina shughuli."

Profesa angeweza kukataa, lakini mteja alikuwa akitazama. Akapiga funda moja la kisomi. Uso ukajikunja, macho yakamtoka, akakimbilia sinki la nyuma, na sayansi yote ikasikika ikitoka.

Aliporudi, mjane alikuwa bado ameshika kikombe.

"Funda la pili, shemeji. Utazoea."

Mzee akacheka mpaka gazeti likaanguka. Wifi akamwangalia mdogo wake anavyohangaika kutafuta maji ya kunywa, akaenda kumchotea. Mjane akauopoa mfuko, akaukausha kwa kanga yake, akaaga vizuri kama ilivyo kawaida yake.

Nyumbani aliuacha uelee tangini tena robo saa kamili, ingawa maji yalikuwa yale yale ya asubuhi. Kisha akaufungua. Meneja akatoka, akazunguka kona zote nne, akaridhika kwamba hakuna kilichofanyika bila yeye, akapanda juu na kufungua mdomo.

Mjane aliinama kumtupia chakula, na hapo machozi aliyoambiwa mwezi mzima ayazuie yakaja yote kwa pamoja. Akageuza uso haraka, asije akamtilia chumvi.