Kaa Chini, Usiitike

Safari ile ya ziwani ilikuwa wazo la mume wangu, na hilo nalisema mapema kwa sababu yaliyofuata ni yangu. Methusela alikuwa mwalimu wa shule pale Yakobi, na kila mwaka alimwona Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, akipakia mahema, viti vya turubai na watoto wake, akiteremka nao Ziwa Nyasa kupunga hewa. Mwaka hamsini na nne, shule zilipofungwa Desemba, akasema na sisi tutakwenda.

"Watoto wa Mzungu wana nini ambacho Noela wangu hana?" aliniuliza.

"Wana gari," nikamjibu. Kwetu Njombe mtu akipata wiki ya mapumziko anapalilia mahindi, hakai mchangani kutazama maji.

Lakini alikuwa ameshamwandikia rafiki yake Kasimiri, fundi wa magari kule Makambako, na Kasimiri ameshapata lori la kutufikisha Ludewa. Nikashindwa. Tena nisiseme uongo, nilifurahi, maana mke wa Kasimiri ni Yunisi. Mimi na Yunisi tulipata kipaimara siku moja, wote wawili tukichechemea kwa viatu vya kuazima, na tangu aolewe Makambako tulikuwa tukionana kwa nadra. Alikuwa amezika watoto wawili kabla ya kumpata Nahumu. Nahumu sasa alikuwa na miaka minne, mnene, mwongeaji kupita kiasi, na mimi aliniita mama mkubwa. Ukimwita aliitika "Naam!" kwa sauti nzito, kama mzee wa kanisa, nasi tulimwita bure tu ili tucheke.

Noela wangu alikuwa na sita, naye hakuwa mwongeaji. Hapo lazima niseme jambo la kwetu. Ukungu wa Njombe hauna adabu. Unamtuma mtoto mtoni jua linawaka, na kabla hajajaza kibuyu haoni hata mikono yake. Sauti nazo hugeuka humo ndani. Mtu anaitwa, anaifuata sauti moja kwa moja, na kati yake na anayemwita kuna korongo. Mdogo wangu Ema alikufa hivyo, akimfuata mama yetu aliyekuwa akimwita. Kwa hiyo Noela nilimfundisha tangu alipojua kutembea: ukungu ukikukuta, kaa chini, usiitike. Hata nikikuita mimi, usiitike. Ngoja mkono ukuguse. Nilimjaribu mara kwa mara nikiwa nimejificha nyuma ya miti ya miwati, nikimwita kwa sauti tamu. Mara mbili aliitika na mara mbili nilimchapa. Mara ya tatu alinyamaza.

Kutoka Ludewa tuliteremka kwa miguu siku mbili hadi ziwani, na mwinjilisti wa pale akatupa nyumba yake ya wageni. Siku mbili za kwanza nilimsamehe Methusela kila kitu. Sisi tumezoea maji yanayouma meno. Nahumu alipotia mguu ziwani mara ya kwanza aliutoa haraka, akauliza nani ameyapasha moto. Yunisi alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemwona akicheka namna ile tangu tulipokuwa wasichana.

Mbele ya nyumba palikuwa na fungu la mchanga lililojitokeza juu ya maji. Kutoka ufukweni kwenda pale maji hayakupita magoti ya mtoto, basi watoto walishinda huko wakijenga vijumba. Mkono wa kushoto kulikuwa na miamba iliyoingia ziwani, na kati ya miamba na lile fungu palipita mitumbwi. Mwinjilisti alitwambia siku ya kwanza: upande wa ufukweni ni magoti, upande wa miamba hakuna chini. Tulimsikia wote wanne.

Siku ya tatu asubuhi tuliona kitu cheusi kikisimama juu ya ziwa, mbali, halafu kikaanza kulala na kuja kwetu. Mama mmoja mfinyanzi aitwaye Teodora alikuwa anaanika vyungu vyake jirani. Akavikusanya mbio.

"Ingizeni watoto!" alitupigia kelele. "Fungeni milango!"

"Ukungu tu huo, mama," Methusela akamjibu. "Sisi ni watu wa Njombe, ukungu tumezaliwa nao."

Kasimiri akaongeza kwamba umetufuata kutoka nyumbani, umetukumbuka. Tukacheka, watu wazima wanne wenye akili zao, na watoto wetu wakiwa pale kwenye mchanga, hatua hamsini tu. Ukungu unakuja polepole, tulijua, tutawaita baadaye. Kumbe haukuwa ukungu. Walikuwa wadudu, vijidudu vidogo kuliko mbu, kwa mamilioni, na walitufikia kabla sijasimama vizuri.

Waliingia machoni, puani, mdomoni. Nilivuta pumzi nikameza wadudu. Nilifungua macho nikaona weusi, nikayafumba. Nilimsikia Yunisi akiita, "Nahumu! Nahumu wangu!" kisha akikohoa. Wanaume waliingia majini wakipapasa, lakini pale walipoingia sipo, maana nilisikia sauti zao zikielekea kulia, wakaitana wenyewe kwa wenyewe, wakapotezana.

Mimi nikakimbilia kushoto. Niliwaza kwamba miamba inaingia mbali ziwani, nikifika mwisho wake nitakuwa karibu na watoto kuliko mtu yeyote. Nilitambaa kwa mikono na magoti, nikachubuka, nikafika.

"Noela!" niliita. "Noela, mama yako hapa!"

Kimya. Niliita mpaka koo likawaka. Mawimbi yalikuwa yameanza kupiga miamba, nami nikaona moyoni mwangu lile fungu la mchanga likimezwa, na wao wamekaa juu yake. Ndipo nikakumbuka. Mwanangu ananisikia. Yuko pale, amekumbatia magoti, ananisikia kila neno, na hataitika, kwa sababu mimi mwenyewe nilimchapa mpaka akajua. Naapa sijawahi kujichukia kama dakika ile. Nililia, "Noela, leo itika! Leo nakuruhusu!" Lakini hata hilo nilikuwa nimeshamjaribu nalo nyuma ya miwati.

Basi nikafanya nililofanya. Nilijua kuna mtoto mwingine pale ambaye akiitwa huitika. Nilitaka sauti moja tu, nijue wako upande gani, nijue wako hai.

"Nahumu!" nikaita. "Nahumu, baba!"

"Naam, mama mkubwa!"

Ilitoka karibu, ile sauti yake ya mzee wa kanisa. Sijui kuieleza furaha niliyoipata. Ilinivuruga akili. Nilikuwa nimepata nilichotaka, ningeweza kunyamaza, ningeweza kumwambia akae. Ema nilimjua, korongo nililijua, na hakuna mtu katika ufukwe ule aliyejua kuliko mimi. Lakini nilinyoosha mikono gizani nikasema, "Njoo, baba! Fuata sauti yangu! Mlete na dada yako!"

"Nakuja!" akasema.

Nilisikia maji yakichezwa na miguu. Kisha nikamsikia tena akisema "Mama mku...", na hapo sikusikia kitu. Niliita. Niliita kwa jina lake lote la ubatizo. Nilijitupa majini bila kujua kuogelea, maji yakanipita kichwa, yakanirudisha kwenye mwamba, nikashika jiwe.

Wale wadudu walikaa kwa muda wa kupika ugali tu. Walipopita, jua liliwaka kama vile hakuna lililotokea. Fungu la mchanga lilikuwa palepale, wala halikumezwa. Juu yake alikaa Noela peke yake, macho ameyafumba, mweusi kwa wadudu. Methusela alimfikia kwanza. Alipomgusa bega, ndipo akafumbua macho.

"Nahumu yuko wapi?" Methusela akamuuliza.

"Nilimwambia akae," alisema Noela. "Aliitika."

Wavuvi walimtoa Nahumu kabla ya saa sita, pale inapopita mitumbwi. Yunisi alimpokea mapajani, akamfuta mchanga masikioni taratibu kama anamwogesha. Hakulia. Alisema, "Mimi ndiye niliyemwita. Sauti yangu ndiyo imemuua mwanangu."

"Hapana, mama Nahumu," Kasimiri akamwambia huku analia. "Wewe ulikuwa hapa ufukweni. Angekufuata wewe angepita kwenye maji ya magoti."

Yunisi akainua kichwa. Alitazama ufukwe, akatazama fungu la mchanga, kisha akatazama miamba. Magoti yangu yalikuwa yanatoka damu, nguo imeloa, na nilikuwa nimesimama mbele yake. Lakini hakuniuliza mimi. Pengine aliogopa. Alimgeukia Noela, akamshika mkono kwa upole sana.

"Mwanangu, wewe ulikuwa naye. Nani alimwita? Ilikuwa sauti ya nani?"

Noela akanitazama. Sikutikisa kichwa, sikumkonyeza, Mungu ni shahidi. Sikufanya lolote. Mtoto akakaa chini mchangani, akakumbatia magoti yake, akafumba macho.

Yunisi alimuuliza mara tatu, nami nilikuwa nimesimama palepale, karibu kiasi cha kuwagusa wote wawili.